Waume tunaosoma Waefeso 5:22 kwa sauti na 5:25 kimya kimya, njooni huku

mzee wa benchi la nyuma (mleta uzi)

Wakuu habari za wikiendi. Naomba niweke hii mada maana imenikaa kooni tangu msimu wa harusi uanze, na najua humu kuna wachungaji, makatekista, waliokaa kwenye ndoa mpaka wana wajukuu na vijana ambao mwezi ujao wanaingia kwenye vikao. Kila mtu achangie ila matusi hapana.

Mimi ni mzee wa kanisa kwenye usharika mmoja wa Kilutheri hapa Dar, na moja ya kazi tunazopewa wazee ni kukaa na wanandoa wakigombana kabla mambo hayajafika mbali. Sitataja usharika wala mtu, na visa nitakavyogusa nimevichanganya makusudi kiasi kwamba hata mhusika akisoma hatajijua. Ninachokiona pale ni hiki, karibu kila mume anayekuja anayajua maandiko ya mkewe, na karibu kila mke anayajua maandiko ya mumewe. Yaani mtu kashika barua ya mwenzake anaisoma neno kwa neno, anapiga mistari kwa kalamu, halafu ya kwake hata bahasha hajaifungua.

Kuna baba mmoja alikuja na Biblia yenye zipu, kaifungua pale mezani hata hatujaomba, Waefeso 5:22 kaipaka kalamu ya njano mpaka rangi imetokea upande wa pili wa karatasi. "Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu." Kasoma kwa sauti ya ibada kabisa. Mchungaji akamwambia endelea. Akasoma 23, mume ni kichwa cha mkewe, sauti ikazidi kupanda. Akasoma 24 akafunga. Mchungaji akamwambia bado baba, endelea. Kufika 25, "Enyi waume, wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake", jamaa akaanza kumeza maneno, ikabidi mama mmoja mzee wa kanisa amwambie baba hatukusikii.

Sasa hesabuni wenyewe. Mke kaongeleshwa mistari 3, kuanzia 22 mpaka 24. Kuanzia 25 mpaka 33 anayeongeleshwa ni mume, mke anarudi mwishoni kabisa kwa nusu mstari kwamba asikose kumstahi mumewe. Na kabla ya yote hayo upo ule wa 21 ambao watu wanaurukaga, "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo", hapo hajasema nani amnyenyekee nani, ni wote.

Halafu angalieni Paulo anaongea na nani. Akitaka mke atii anamwambia mke mwenyewe. Hajamwambia mume mtiishe mkeo. Nitafutieni kwenye Agano Jipya mstari mmoja tu unaomwambia mume ahakikishe mkewe anatii, kwa kumnyima hela, kwa kumnunia, kwa kibao, kwa chochote. Utii wa mke ni kitu anachokitoa mwenyewe kwa sababu ya Bwana, na upendo wa mume hivyo hivyo, anautoa kwa sababu Kristo alijitoa, siyo kwa sababu mke kafikisha maksi. Kristo hakusubiri kanisa liwe na adabu ndio afe. Warumi 5:8 iko wazi, tulipokuwa tungali wenye dhambi.

Tuje kwenye hela maana ndiko moto uliko. Nyumba ya watu sita, baba anaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, anaacha elfu tano kwenye kabati la TV chini ya rimoti. Hiyo ndiyo ya asubuhi, mchana na usiku, gesi ikiisha ni humo humo, mtoto akidaiwa hela ya mtihani ni humo humo. Mke akiuliza anaambiwa huna utii, wewe mwanamke huridhiki. Jioni baba anarudi kashapitia sehemu kala nyama choma, nyumbani anagusa chakula kidogo anasema hiki nini. Huyu ndiye aliyepaka 5:22 kalamu ya njano. Kwa mtu wa namna hii Paulo ana neno zito kuliko lolote alilowahi kumwambia mke yeyote, 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, "ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini". Hiyo hatuihubirigi. Nimekaa kanisani miaka mingi sijasikia ikihubiriwa siku ya harusi hata mara moja.

Kina mama msianze vigelegele, nakuja kwenu. Mke anayemsema mumewe vibaya mbele ya watoto mpaka watoto wanaanza kumjibu baba yao hovyo, huyo naye barua yake hajaisoma, "mke asikose kumstahi mumewe" haina kiambatanisho cha kama ana hela. Mke anayeweka stetasi za mafumbo WhatsApp ili mashoga zake waulize kuna nini shosti. Mke anayechukua hela ya ada ya mtoto anaipeleka kwa nabii kununua mafuta na maji ya upako, mume anakuja kujua mtoto karudishwa nyumbani. Mithali 31 inasema moyo wa mumewe humwamini, na mstari wa 12, "Humtendea mema wala si mabaya, siku zote za maisha yake". Sasa huo moyo utaaminije kama kila mwisho wa mwezi kuna siri mpya?

Na ile ishu ya kunyimana unyumba kama adhabu. Hii wapo wanaume pia wanaifanya sema hawasemwi. 1 Wakorintho 7 Paulo kaiweka sawasawa pande zote, mume ampe mkewe haki yake na mke ampe mumewe haki yake, mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, na hapo hapo bila kupumua, mume hana amri juu ya mwili wake bali mkewe. Fikirieni Paulo anaandika hayo Korintho ya wakati ule, mji wa bandari, wanaume wanajiamulia, anawaambia mwili wako una mwenyewe na mwenyewe ni mkeo. Kunyimana ni kwa kupatana, kwa muda, kwa ajili ya kusali. Siyo kwa ajili ya sikukuu kupita bila vitenge.

Nimalizie na vikao vyetu. Bibi harusi anakalishwa kitchen party, shangazi, mama wadogo, na siku hizi mpaka washereheshaji wa kulipwa, wanamfundisha kupika, kutandika, kunyamaza mume akifoka. Sijasema vyote ni vibaya, kuna hekima kubwa mle. Bwana harusi wakati huo anafanya nini? Anaulizwa ahadi za michango zimefikia wapi, ukumbi umelipiwa, MC ni nani. Mafundisho ya mchungaji anahudhuria akiwa anachati. Anakuja kuwa kichwa cha nyumba mtu ambaye hakuna aliyemkalisha chini akamwambia kichwa kinafanya nini.

Karibuni.

---

NgojaNiseme

Nimekaa pale. Ngoja waje wenye ndoa zao.

---

Kiroboto wa Tabata

Mkuu umeongea vizuri ila umetuonea wanaume. Mimi nikupe upande wangu. Mke wangu ananizidi kipato, ana duka na yuko kwenye vikoba viwili, mimi ajira iliyumba nikabaki na bodaboda. Sasa hivi nikisema kitu nyumbani naambiwa ungekuwa na hela ungeamua. Kiti nilichonunua mimi akitaka kukihamisha hata haniulizi. Na kanisani kwetu ananyooshewa kidole yeye kama mama wa mfano, anatoa shukrani kubwa kubwa. Kichwa mimi niko wapi hapo? Na ule mstari wako wa kutafuta upo, 1 Timotheo 3:4, askofu awe mwenye kuisimamia nyumba yake vema, ajuaye kutiisha. Soma.

---

mzee wa benchi la nyuma

Kiroboto pole kaka, na hayo maneno ya ungekuwa na hela siyo ya kumwambia mume, hapo simtetei.

Lakini mstari umeukata kaka. Umalizie. "Ajuaye kutiisha watoto katika ustahivu." Watoto. Mke hayumo.

Kuhusu kipato, nenda Luka 8 mwanzoni. Yesu anazunguka miji na vijiji na wale Thenashara, na wanawake wako nao, Mariamu Magdalene, Yoana mke wa Kuza wakili wake Herode, Susana na wengine wengi, "waliokuwa wakimhudumia kwa mali zao". Hela ya kula ya Yesu na timu nzima ilikuwa inatoka kwenye mikoba ya kina mama. Hakupungukiwa ubwana hata kidogo, na hakuna mahali imeandikwa alijisikia vibaya akaanza kufoka ili aonekane yupo. Na wao hakuna mahali waliposema bila sisi mngelala njaa. Pande zote mbili kuna la kujifunza hapo.

Na huyo mke mwema wa Mithali 31 tunayemsoma kila Siku ya Wanawake, mstari wa 16 huangalia shamba akalinunua. Mstari wa 24 hutengeneza nguo za kitani na kuziuza. Mumewe yuko mstari wa 23, anajulikana malangoni amekaa na wazee wa nchi, na mke kuwa na mapato hakujamtoa malangoni. Ila nauliza, wewe kwa hali ya sasa ukirudi na boda jioni hela ya siku unaiweka wapi? Maana nimeona wengi mke akianza kuuza, mume anaacha kutoa kabisa, ya kwake inakuwa ya kwake na ya mke inakuwa ya nyumba. Sikushutumu, nauliza.

---

Kiroboto wa Tabata

Hilo swali nitalijibu kesho hahaha. Ila hoja ya Luka 8 sikuwahi kuiona, imenigusa.

---

mama_wa_wawili

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote nikasema leo niandike. Mume wangu anahudumu kanisani, watu wanamheshimu, mimi nyumbani napigwa. Si kila siku, ila hela ikikosekana au akinywa, na anakunywa kwa siri. Nilienda kwa kiongozi mmoja wa kanisa nikamweleza akanifungulia 1 Petro 3, akasema wake watiini waume zenu wavutwe kwa mwenendo wenu pasipo neno, kwa hiyo nenda kanyamaze uombe. Nimenyamaza mwaka wa tatu huu. Akaongeza Petro alikuwa anatoka kuwaambia watumwa wavumilie mabwana wakali kwa hiyo na wake ni "kadhalika". Je utii wa Biblia ni huu? Nauliza kwa nia njema sitaki kumkosea Mungu.

---

NgojaNiseme

Dada pole sana. Mimi nilikuja kucheka humu sicheki tena.

---

katekista mstaafu

Mama pole. Mimi ni Mkatoliki, kanisa lako silijui ila nikuambie kwetu ilivyo, maana watu wanadhani Kanisa Katoliki kwa sababu halina talaka basi linakuambia kaa ufe.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, mwenzi akimletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya mwili au ya roho, au akiyafanya maisha ya pamoja yasiwezekane, anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka, kwa ruhusa ya askofu, na kama kuchelewa ni hatari anaondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Ndoa iko pale pale lakini wewe hutakiwi kulala chini ya ngumi ili ndoa ionekane ipo. Na kanuni ya 1135 inasema wanandoa wote wawili wana wajibu na haki sawa katika maisha ya ndoa.

Wanaodhani haya ni mambo ya kizungu ya juzi waangalie Papa Pius XI alichoandika 1930. Yule alikuwa mtu wa kale haswa, anasema kabisa mke amtii mume. Ila hapo hapo anasema utii huo haumwondolei mke uhuru wake na heshima yake kama binadamu, wala haumlazimishi kutii kila anachotaka mume kama hakipatani na akili au na hadhi ya mke. Akaenda mbele akasema mume akiacha wajibu wake, ni juu ya mke kushika nafasi yake kuongoza familia. Huyo ni 1930! Yohane Paulo II naye 1988 akairudia Waefeso 5 akasema unyenyekevu ule ni wa pande zote mbili, kwa sababu ya ule mstari wa 21 aliousema mleta uzi.

Sasa wakati mwingine shida siyo mafundisho, shida ni sisi tunaofundisha, mtu anaogopa kashfa parokiani kuliko anavyoogopa mama wa watu kuvunjwa mkono.

---

mzee wa benchi la nyuma

mama_wa_wawili, shikamoo nimeipokea, marahaba. Nisikilize mwanangu.

Huyo aliyekufungulia 1 Petro 3 kafunga Biblia mapema. "Kadhalika" ya mstari wa 1 ipo, ni kweli. Ila mstari wa 7 nao unaanza na "kadhalika". "Kadhalika ninyi waume, kaeni na wake zenu kwa akili, na kumpa mke heshima, kama chombo kisicho na nguvu, na kama warithi pamoja wa neema ya uzima, kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Kama "kadhalika" inamtupa mke kwa watumwa basi na mume yumo humo humo. Na ona huyo mume wako anahudumu, anaomba mbele za watu, na Petro anasema mume asiyempa mkewe heshima maombi yake yanazuiliwa. Mke hakupewa onyo la namna hiyo kwenye sura ile, kapewa mume.

Lakini mume asiyeamini anayesemwa mstari wa 1 havutwi na mke aliyevimba jicho akasema nilianguka bafuni. Kuficha siyo mwenendo safi, ni uongo mnaoutunza wawili. Na hapa ndipo ninapopenda kuwaambia watu habari ya Anania na Safira, Matendo 5. Safira alimtii mumewe kabisa. Waliuza shamba, mume akazuia sehemu ya thamani, "mkewe naye akijua haya". Petro alimuuliza mume peke yake, na mke akaja muda wa saa tatu baadaye akaulizwa peke yake, kapewa nafasi yake ya kusema kweli mwenyewe. Akasimama na neno la mumewe. Wakamzika kando ya mumewe. Hajaulizwa kama alikuwa anatii kichwa cha nyumba.

Upande wa pili kuna Abigaili, 1 Samweli 25. Mumewe Nabali tajiri, mkorofi, kamtukana Daudi, na Daudi anakuja na watu mia nne wenye panga. Abigaili akapakia mikate mia mbili, viriba viwili vya divai, kondoo watano, bisi, zabibu kavu, mikate ya tini, akawahi njiani, "asimwambie mumewe, Nabali". Akamwambia Daudi wazi kwamba mume wangu jina lake na upumbavu wake ni kitu kimoja. Kwa vipimo vya kitchen party zetu huyu ni mke asiye na adabu. Biblia inamwita mwenye akili njema, na Daudi akambariki kwa kumzuia asimwage damu.

Kwa hiyo hapana. Utii haufiki huko. Mwambie mtu mwingine wa kanisa, siyo yule, ikiwezekana mama mtu mzima, na usiende peke yako.

---

wakili wa kijiweni

Niongezee kidogo upande wa serikali maana huyu dada asije akabaki na maandiko tu.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na sheria imesema hata kama mila inaruhusu. Imo kwenye vitabu tangu enzi za Mwalimu, siyo ya jana. Dada ukiumizwa nenda kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ukatibiwe, na hiyo karatasi itunze kopi. Picha za majeraha weka kwa mtu unayemwamini, usiache kwenye simu anayoijua nywila yake.

Kifungu cha 63 kwenye sheria hiyo hiyo, mume anawajibika kumtunza mkewe, malazi, nguo, chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Na mke mwenye uwezo anawajibika kumtunza mume kama mume hawezi kujipatia kipato kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Kwa hiyo yule bwana wa elfu tano chini ya rimoti Paulo kamshika, na sheria nayo inamsubiri.

Na watu wakitaka kufika mahakamani kuachana wanapitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, kwa kawaida mahakama haipokei shauri bila cheti kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza mengine ni ya kidini. Ndio maana nawaambia wazee wa kanisa muwe makini, mnachomwambia mama pale siyo ushauri wa chai.

Mwisho, wale wanaosema mama wa nyumbani hana mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali waliyochuma pamoja. Ile ndoa ilikuwa ya Kiislamu lakini sheria ni moja kwa wote.

---

mama_wa_wawili

Asanteni nyote. Nimelia. Kuna mama mmoja wa umoja wa wanawake nimemtumia meseji saa hizi, amesema nije kwake kesho.

---

Kiroboto wa Tabata

Dada Mungu akutangulie.

Sasa mzee nirudi kwenye mada, usituachie wanaume ngumi tu maana wengine hatupigi mtu. Sara je? Petro anamsifia Sara kwamba alimtii Ibrahimu akamwita bwana. Wa kwangu hata "baba fulani" ni mgeni akija tu.

---

mzee wa benchi la nyuma

Sara ni mfano mzuri sana sema tusome na upande wa Ibrahimu. Mwanzo 21, Sara anataka Hajiri na mwanawe waondoke, Ibrahimu kaumia sana maana ni mwanawe. Mungu anamwambia nini? "Kila akuambialo Sara, sikiza sauti yake." Mstari wa 12. Huyo huyo Sara anayemwita bwana ndiye Mungu anamwambia bwana huyo amsikilize. Nyumba yao ilikuwa inasikilizana kwa zamu, na mara nyingine walikosea wote wawili, maana Hajiri mwenyewe aliingia kwa wazo la Sara na Ibrahimu akakubali bila kuuliza maswali, sura ya 16.

Kichwa hakimaanishi wazo lako lipite. Yesu aliwaambia wanafunzi, Marko 10, wakuu wa mataifa wanawatawala kwa nguvu, haitakuwa hivyo kwenu, anayetaka kuwa wa kwanza awe mtumwa wa wote. Aliwaambia wanaume kumi na wawili, na sijui ni kwa nini tukifika mlangoni kwetu tunadhani hilo neno linaishia kanisani.

---

shemeji wa Kimara

Naomba niulize kuhusu wakwe. Mume wangu mtu mzuri hana shida, ila mama yake anaamua mpaka tutapaka rangi gani sebuleni. Nikilalamika naambiwa waheshimu baba yako na mama yako.

---

mzee wa benchi la nyuma

Mwanzo 2:24, anayeambiwa aache baba na mama ni mwanamume. "Kwa hiyo mwanamume atamwacha baba yake na mama yake naye ataambatana na mkewe." Kwetu anayeagwa ukumbini kwa machozi ni binti, mwanamume hata hajawahi kuambiwa aondoke, anaendelea kuwa mtoto wa mama mwenye mke. Kumheshimu mama ni kumtunza, na Yesu aliwakemea Mafarisayo waliowanyima wazazi haki zao kwa kisingizio cha korbani, yaani mali iliyowekwa wakfu kwa Mungu, Marko 7. Kwa hiyo hela ya dawa ya mama itoke na usigombane nayo. Rangi ya sebule ni yenu. Lakini anayepaswa kumwambia mama ni mwanawe, siyo wewe. Ukimwambia wewe utaonekana umekuja kuvunja ukoo.

---

kijana wa vikao

Wazee mimi harusi yangu mwezi wa kumi na mbili. Hili la kumsaidia mke kazi za nyumbani limekaaje kibiblia? Washkaji wananiambia ukianza kufua nepi umekwisha.

---

mzee wa benchi la nyuma

Hahaha. Kwetu Walutheri hili lilishajibiwa 1522. Martin Luther aliandika kuhusu maisha ya ndoa, akamtaja baba anayefua nepi za mtoto na watu wanamcheka kwamba ni mpumbavu mwenye tabia za kike. Akasema kama anafanya kwa imani, Mungu na malaika na viumbe vyote wanatabasamu, siyo kwa sababu ya nepi bali kwa sababu ya imani, na wanaomcheka ndio wapumbavu. Na wakati anaandika alikuwa hajaoa bado, kaoa 1525, sasa fikiria alivyokuja kuongea baadaye na watoto sita ndani.

Waambie washkaji Priska na Akila walikuwa wanashona mahema wote wawili, Matendo 18, na walipomchukua Apolo kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi walikuwa wote wawili. Hakuna aliyeandika nani alipika siku hiyo.

Ushauri wangu kwako ni mmoja. Kwenye mafundisho ya ndoa ukifika Waefeso 5, mwombe mchungaji akubakize wewe peke yako na mistari ya 25 mpaka 33, na bibi harusi abakizwe na ya kwake, halafu kila mmoja aandike kwa mkono wake yeye atafanya nini, hela, kazi, hasira, wazazi. Usimwandikie mwenzako. Mkishaandika badilishaneni karatasi. Wapo tuliowafanyia hivi, na baba mmoja alikaa na kalamu karibu nusu saa kaandika "nitampenda" tu, mchungaji akamrudishia akamwambia andika Jumanne saa mbili usiku utampendaje.

---

NgojaNiseme

Jumanne saa mbili usiku ni mpira wa Ulaya mzee. Huyo mchungaji anajua anachofanya.

---

Kiroboto wa Tabata

Mzee nimerudi kujibu. Hela ya boda naiweka kwangu. Leo nimempa elfu kumi na mbili akaniuliza umeiba wapi. Tumecheka mpaka watoto wametoka chumbani. Swali la mwisho, zaka ya nyumba anatoa nani, mimi au yeye mwenye duka?

---

mzee wa benchi la nyuma

Hiyo fungua uzi wake Kiroboto, ukiileta humu makanisa yote yatagombana na tutafungiwa.